Bi Verlene na Kumi za Uongo za Nyumba ya Harlow

Saa nne na robo asubuhi. Verlene Pinkney anavuta kiti cha mbao mpaka magoti yake yanagusa ukingo wa kitanda, kisha anakaa taratibu, maana magoti hayo yana ugomvi naye wa siku nyingi. Haketi mbali. Anasema ukikaa mbali na mgonjwa, naye atakujibu kwa mbali.

Kitandani yuko mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyeletwa juzi hapa Nyumba ya Harlow, magharibi mwa Baltimore. Ni nyumba ya matofali mekundu yenye vitanda vinane, ambako watu wenye UKIMWI ambao dawa hazina tena la kuwafanyia huja kumalizia siku zao. Verlene anamkabidhi kadi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye namba kubwa kubwa kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Dada, kabla hatujaanza," anamwambia. "Jibu lako haliwezi kuifunga nyumba hii. Hakuna nesi atakayefukuzwa kwa ajili yako. Ukinipa namba mbaya naichukua vilevile. Tumeelewana?"

"Hata sifuri?"

"Hata sifuri."

"Basi chai ya hapa ni sifuri," mwanamke anasema, na kikohozi kinamkatiza kicheko.

"Hapo nakuunga mkono, ila chai haimo kwenye karatasi yangu. Haya, twende swali la kwanza."

Maneno hayo ya utangulizi yana umri wa miezi minne tu. Kabla yake Verlene alikuwa na utangulizi mwingine, na huo ndio uliomponza.

Verlene, mwenye umri wa miaka 57, ni mdodosaji. Anafanya kazi katika utafiti wa chuo kikuu kimoja cha mjini unaojaribu kupima jambo ambalo wengi wetu hatuthubutu hata kulitaja mbele za watu: mgonjwa huyu anakufa vizuri, au anakufa vibaya? Hapimi muda uliobaki, wala idadi ya virusi kwenye damu. Hayo madaktari waliyajua kuyapima zamani. Yeye anapima siku zenyewe zilivyo kwa mwenye nazo.

Hojaji yake ina maswali ishirini na saba. Katika siku saba zilizopita, maumivu yako yalitulizwa kiasi gani? Ulipumua bila shida? Kuna aliyekushika mkono au kukukumbatia? Ulicheka? Ulipata nafasi ya kuzungumza na uliyetaka kuzungumza naye? Kila jibu ni namba. Sifuri ni hali mbaya kabisa, kumi ni njema kabisa. Mgonjwa akishafariki, Verlene husubiri wiki sita, kisha humtembelea aliyemuuguza na kumuuliza maswali yaleyale.

"Mtu akiniuliza kanisani nafanya kazi gani, namwambia utafiti wa afya," anasema. "Nikisema nawauliza wanaokufa kama kufa kunakwendaje, nani atakaa karibu nami kwenye chakula cha Jumapili?"

Analipwa dola ishirini na mbili kwa saa, saa thelathini kwa wiki. Zamani alikuwa mpokea fedha katika duka kubwa la vyakula, miaka kumi na tisa mfululizo, na anadai huko ndiko alikojifunza kuuliza swali lilelile mara mia mbili kwa siku bila sauti kuchoka.

Wapo wanaodhani UKIMWI uliacha kuua siku dawa zilipopatikana. Waje Harlow. Wapo hapa walioanza dawa wamechelewa. Wapo walioziacha walipotolewa kwenye nyumba zao na kuanza kulala ndani ya magari. Na wapo waliozimeza bila kukosa kwa miaka thelathini, halafu saratani ikaikuta miili iliyokwisha kuchoka.

Masharti ya kazi ya Verlene ni makali. Swali husomwa kama lilivyoandikwa, bila kuongeza neno wala kupunguza. Hairuhusiwi kutikisa kichwa mgonjwa anapojibu, wala kuuliza "kwa nini". Majibu hayaonyeshwi manesi wala ndugu. Na kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho ni mwiko kumwambia mgonjwa pole, kwa sababu ukimwambia pole kwenye swali la tatu, la nne atalijibu akitafuta pole nyingine.

"Hilo la pole nilidhani litanishinda," anakiri. "Mimi nimelelewa na bibi aliyempa pole hata mtu aliyekuja kumdai. Ukae mbele ya mtu anakwambia hajashikwa mkono tangu Krismasi, wewe ugeuze ukurasa?"

Katika mafunzo, kila mdodosaji alitakiwa kwanza kujaza hojaji kwa ajili ya mtu wake aliyemuuguza mpaka kufa. Verlene alijaza kwa ajili ya kaka yake, Alonzo, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka 1993. Kwenye swali la kushikwa mkono alimpa nane.

"Ilikuwa uongo," anasema, na sauti yake inashuka. "Tulikuwa tunaogopa siku zile. Nilivaa glavu mbili mbili kumlisha kaka yangu wa tumbo moja. Sikumshika kwa mkono mtupu hata mara moja. Halafu miaka thelathini baadaye, mbele ya watu nisiowajua, nikaandika nane kwa aibu. Palepale ningepaswa kujua kwamba kadi hii inadanganywa."

Hakujua. Au alijua akasahau, kama tunavyosahau mambo yasiyotupa raha.

Wiki zake za mwanzo Harlow zilikuwa ngumu. Wagonjwa walimwona mwanamke mwenye karatasi na mkoba wakakunja uso. Wewe ni wa bima? Umetumwa na serikali? Mmoja alivuta shuka mpaka kichwani na kulala nalo hivyo mpaka Verlene akaondoka. Basi, kwa huruma tu, akaongeza sentensi moja isiyokuwamo kwenye karatasi. Ilikuwa na maneno matano: "Majibu yako yataisaidia nyumba hii."

Mambo yakawa mepesi. Watu wakaanza kumkaribisha. Majira yaleyale nyumba nyingine ya namna hii, upande wa pili wa mji, ilifungwa na wagonjwa wake wakatawanywa, na habari hiyo ilifika Harlow kabla haijafika kwenye magazeti. Wagonjwa wakaunganisha mambo hayo mawili wenyewe. Kama majibu yanaisaidia nyumba, basi majibu mabaya yataifunga.

Hakuna aliyemwambia Verlene. Waliambiana wao kwa wao, kitanda kwa kitanda, aliyetangulia akimwachia anayefuata. Na kumi zikaanza kumiminika. Maumivu, kumi. Usingizi, kumi. Hofu, kumi, hana hofu hata chembe.

"Nilifurahi jamani," Verlene anasema. "Nilidhani nimepata mahali pamoja duniani ambapo watu wetu wanakufa kama binadamu. Nilioka pai mbili za viazi vitamu nikawaletea manesi. Sikuwaambia za nini. Wakala, wakasifu, nikaenda nyumbani naimba."

Lucius Gaither aliletwa baada ya mwaka mpya. Alikuwa na miaka 63 na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa kaa kule bandarini, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya mvuke na magando. Alikuwa mtu wa mdomo.

"Wewe ndiye yule wa namba?" alimuuliza Verlene siku ya kwanza.

"Ndiye mimi, Bwana Gaither."

"Kaa. Niulize lolote, ila usiniulize umri wangu wa kweli wala viungo ninavyotia kwenye kaa."

"Umri ninao tayari."

"Huo ni ule niliowapa hospitali."

Kando ya kitanda kulikuwa na samaki wa kukaanga kwenye karatasi yenye mafuta, aliyeletwa na Cornell Dorsey, mwenzi wake aliyeishi naye miaka ishirini na miwili. Gaither hakuwa na hamu ya kula tena lakini alipenda harufu. Akamwonyesha Verlene ile karatasi kwa kidole. "Mji mzima tunamwita trauti wa ziwani. Si trauti, na ziwa hajawahi kuliona. Na bado tunapanga foleni."

Verlene aliuma mdomo asicheke, akasoma swali la maumivu. Gaither akasema kumi. Alipokuwa akisema, vidole vyake vilikuwa vimekamata chuma cha kitanda, na kucha zilikuwa nyeupe.

"Niliziona kucha," Verlene anasema. "Karatasi haina mahali pa kuandika kucha. Nikaandika kumi."

Ilikuwa hivyo mara tatu, wiki tatu mfululizo.

Siku moja ya mwisho wa Februari, theluji ikiwa imeganda barabarani, Cornell alimwita Verlene kwenye chumba cha kufulia. Cornell ni mwembamba, mpole, fundi wa kushona mapazia. Taulo za Gaither alizifua mwenyewe, kwa sababu Gaither hakutaka za nyumba.

"Bi Verlene, una dakika?"

"Ninazo mbili."

"Shika hii." Ilikuwa taulo ndogo ya uso, nyeupe, imejaa matundu katikati. "Anaiuma. Nikienda chooni tu, anaitia mdomoni. Nesi akiingia anaisukuma chini ya mto, anamwambia yuko salama, labda baridi kidogo."

"Lakini kwangu..." Verlene akajikata. Haruhusiwi kutaja jibu la mtu.

"Kwako kasema kumi. Najua. Humu ndani wote wanasema kumi. Ndivyo wanavyoambiana: mpeni yule mama kumi zake, la sivyo wanaifunga nyumba."

"Nani kawaambia upuuzi huo?"

Cornell alimtazama kwa huruma. "Ni wewe, Bi Verlene. Si unawaambia kila siku kwamba majibu yao yanaisaidia nyumba?"

Verlene aliketi juu ya kapu la nguo chafu. Anasema kitu cha kwanza alichokifikiria si kazi yake bali zile pai. Alikuwa amesherehekea maumivu ya watu.

Alimwuliza Cornell kwa nini hakumwambia nesi. Cornell akajibu kwamba Gaither alikuwa amemwapisha kwa jina la mama yake marehemu. Verlene naye hakuweza kwenda kwa nesi na jibu la mgonjwa, maana huo ndio mwiko mkubwa kuliko yote. Manesi walikadiria Gaither ana wiki mbili, labda tatu. Ama angezimaliza akiuma taulo, ama angesema ukweli kwa kinywa chake mwenyewe. Na wa kumfungua kinywa alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyekifunga.

Aliingia chumbani bila karatasi. Mkoba aliutundika mlangoni.

"Leo mikono mitupu," Gaither akasema. "Nimeshakufa nini?"

"Bado. Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini tena? Umekula samaki wangu?"

Verlene alimweleza, polepole, bila kujipamba. Kwamba namba hazifungi nyumba wala haziifungui. Kwamba zinakwenda kwa Dakta Miriam Halpern, mkuu wa utafiti, bila jina la mtu, na huko zinachanganywa na za watu wengine wengi. Kwamba ile sentensi ya kuisaidia nyumba aliitunga yeye, ili wamwamini, na hakuwa ametumwa na mtu.

Chini barabarani lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji lilipita.

"Kwa hiyo nimeumwa bure?"

"Ndiyo."

"Tangu mwanzo wa mwezi. Wiki tatu nzima. Bure?"

"Bure, Bwana Gaither. Na ni kwa sababu yangu."

Angeweza kuilainisha, na anasema maneno laini yalimjaa mdomoni. Aliyameza yote. Gaither akageuza uso ukutani.

"Toka," akasema.

Verlene alisimama, akafika mlangoni, akashika mkoba wake. Ndipo sauti ikatoka kwa yule mtu aliyetazama ukuta.

"Cornell naye anavyo hivi virusi, unajua? Leo ana nguvu, lakini iko siku atataka kitanda. Kule tulikotoka walimuuliza, wewe ni nani wake? Wakamweka nje kwenye benchi usiku kucha, na mimi ndani naita jina lake. Hapa walimpa kiti cha kulala na blanketi, hawakuuliza kitu. Nilikuwa namwekea nafasi. Basi."

Verlene alirudi akaketi.

"Siwezi kukuahidi kwamba nyumba itakuwepo," alimwambia. "Sijui, na nimechoka kuwaambia watu nisiyoyajua. Ninachojua ni kwamba haitabaki wima kwa ajili ya meno yako."

Mabega ya Gaither yakatikisika. Verlene alidhani analia. Alipogeuka, Gaither alikuwa akicheka, na kicheko kilimuuma mpaka akafumba macho.

"Mwanamke, una mdomo wewe."

"Nimeuchukua kwako."

"Lete hiyo kadi."

"Leo sikuja kikazi."

"Nimesema lete, bwana!"

Akaishika kwa mikono miwili. Kidole chake kilianza kwenye kumi, mahali kilipozoea, kikashuka taratibu. Tisa. Saba. Nne. Kikasimama kwenye moja.

"Mwite Lourdes," akasema.

Lourdes Abad ni nesi mkuu wa zamu ya mchana, Mfilipino mfupi ambaye wagonjwa humwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Alipoambiwa, na Gaither mwenyewe, kwanza alimfokea.

"Nimekuuliza mara ngapi? Mara nne kwa siku! Kila siku mara nne!"

"Na mara nne kwa siku nimekudanganya. Nilikuwa nauweza uongo, eh?"

Kisha Lourdes alikwenda kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango, akalia kidogo, akatoka na mofini ya kutuliza maumivu. Baada ya siku mbili za kupima na kuongeza, Gaither alilala saa sita bila kuamka. Cornell aliitupa ile taulo kwenye pipa la nje.

Siku iliyofuata Verlene alipanda mabasi mawili mpaka ofisini kwa Dakta Halpern, akasimama mbele ya meza yake akasema yote. Dakta hakupaza sauti. Alimuuliza ile sentensi ilisemwaje, neno kwa neno, akaiandika. Kisha akauliza aliisema kwa watu wangapi.

Ilikuwa mahojiano mia moja na kumi na mawili, ya watu arobaini na sita. Yote yaliondolewa kwenye hesabu ya utafiti na kuwekwa kwenye faili la peke yake. Kazi ya mwaka mmoja na nusu. Alitarajia kufukuzwa, na wapo waliotaka afukuzwe. Alipewa onyo la maandishi na akarudishwa mafunzoni wiki moja, akikaa benchi moja na vijana wanaolingana na wanawe.

"Kuhusu onyo sina kinyongo," anasema. "Linanistahili. Lakini kati ya wale arobaini na sita, arobaini na watatu wamekwisha kufariki. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho duniani kuwauliza kama wanaumwa. Wakaniambia hapana. Hao nitarudi kuwauliza wapi?"

Gaither alihojiwa mara moja zaidi, mapema mwezi Machi. Hiyo ilikuwa na utangulizi mpya, ule ambao Dakta Halpern aliupitia na kuuruhusu. Verlene anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka karamu.

Maumivu, nane. Kupumua, tano. Hofu, sita, "na nyingi yake si yangu, ni ya Cornell." Kicheko, tisa, kwa sababu juzi yake Cornell alisinzia akaanguka na kiti chake.

"Kuna aliyekushika mkono au kukukumbatia?"

"Kumi," Gaither akasema. "Na hii ni ya kweli, andika kwa wino mzito."

Swali la mwisho huuliza, kwa jumla, siku hizi zako za mwisho zikoje. Gaither aliitazama kadi kwa muda, kama anavyotazamwa kaa kabla ya kutolewa kwenye sufuria.

"Saba."

Verlene haruhusiwi kuuliza sababu, kwa hiyo aliandika saba. Gaither akaisema bila kuulizwa. "Jikoni kwangu saba ni chakula kizuri. Mteja akinipa kumi, najua ana haraka ya kuondoka."

Alifariki siku tisa baadaye, Alhamisi mchana. Cornell alikuwa amemlaza kichwa mkononi na Lourdes alikuwa akimlowesha midomo. Hakuwa akiuma kitu.

Wiki sita zilipopita, Verlene alikwenda nyumbani kwa Cornell na hojaji ya wafiwa. Walikaa nje, kwenye ngazi nyeupe za marumaru, kwa sababu ndani Cornell alikuwa bado hajaweza kuhamisha viatu vya Gaither. Alijibu maswali ishirini na sita vizuri. La ishirini na saba likamkwamisha.

"Alisema ukija nikwambie saba," akasema.

"Saba ni yake, Cornell, na ninayo. Hapa nauliza yako."

Cornell alivuta pumzi. "Yangu ni nne."

Verlene akaandika nne.

"Usidhani walifanya vibaya," Cornell akaongeza haraka. "Walifanya yote. Lakini yeye alikuwa anaondoka. Mimi nilikuwa nabaki."

"Huna haja ya kunieleza."

"Nataka iandikwe."

Haikuwapo nafasi ya kuandika. Verlene aliiandika pembeni, wima, kando ya namba. Alipoondoka hakulia kwenye ngazi zile. Alilia kituoni, akikosa basi la kwanza na la pili.

Leo anawafundisha wadodosaji wapya, mara moja kwa mwezi. Somo lake ni moja tu, kosa lake mwenyewe, na halifichi jina. Utangulizi wake mpya unasomwa sasa katika nyumba nyingine nne zilizomo kwenye utafiti. Kule Harlow wastani wa namba ya maumivu umeshuka kutoka karibu na kumi hadi sita na kidogo. Ukiusoma ukiwa mbali utadhani nyumba imeharibika. Lourdes anasema sasa ndiyo anajua amwongezee nani dawa.

Lakini tumaini la Verlene liko kwa wale arobaini na watatu. Wenyewe hawawezi kuulizwa, ila wapo waliokaa kando yao: mama, dada, jirani, mpenzi. Wapo waliokwisha kuhojiwa baada ya msiba, na wengi wao nao walimpa kumi, wakilinda neno la marehemu. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, kuwaeleza kosa lake na kuwauliza upya. Kamati ya utafiti ilichukua wiki saba kukubali. Barua arobaini na tatu zilitumwa. Waliokubali mpaka sasa ni kumi na tisa.

Je, haogopi atakachosikia?

"Naogopa sana," anasema. "Sitaki kusikia kwamba mtoto wa mtu aliuma taulo kwa ajili ya sentensi yangu. Lakini mtu aliyeumwa kweli hastahili kukaa kwenye faili ameandikwa kumi. Wakinipa sifuri, nitaandika sifuri. Angalau hapo atakuwa amesikika."

Ataanza Jumamosi hii, nyumbani kwa Bi Ozella Crowner, bibi wa miaka 79, ambaye binti yake Sherice alifia Harlow mwaka juzi wakati wa majani kupukutika. Bi Crowner hakujibu barua. Alipiga simu, na Verlene aliipokea jikoni, mikono ikiwa na unga.

"Mwanangu, ndiye wewe uliyekuwa unamuuliza Sherice?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alikwambia ngapi?"

"Mama, hilo siruhusiwi kulisema."

Verlene alisikia saa ya ukutani ya huko upande wa pili.

"Alikwambia kumi," Bi Crowner akasema.

Verlene aliupangusa unga mikononi.

"Huyo ndiye mtoto wangu. Hakutaka kumsumbua mtu tangu yuko tumboni." Bibi akakohoa kidogo, kisha sauti yake ikakaza. "Njoo Jumamosi. Mimi nilikuwepo."